WooCommerce kwa oda za jumla: inafaa wapi, inakwama wapi

Karibuni tena watazamaji. Leo tunaichambua WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) inayoigeuza tovuti ya WordPress kuwa duka la mtandaoni, kwa upande wa anayewauzia mawakala na wenye maduka, wale wanaonunua kwa katoni. Niwaambie mapema: bei ndiyo kazi rahisi. Kinachotoa jasho ni idadi, malipo na kashe, yaani nakala za kurasa zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka.

Bei tuimalize haraka. WooCommerce yenyewe ina bei ya kawaida na bei ya ofa, basi. Unahitaji plagini inayoongeza kundi jipya la watumiaji, tuliite "wakala", na kumwonyesha bei yake akishaingia kwenye akaunti. Maombi ya uwakala yaidhinishwe na mtu, la sivyo kila mnunuzi atajiita wakala. Kuponi zizime kwa kundi hili, kwa sababu punguzo la asilimia 10 litakatwa juu ya bei uliyokwisha kuishusha.

Haya, idadi. Tazameni hapa kwenye skrini: kima cha chini nimeweka 10, hatua, yaani idadi inayoongezeka kila ukibonyeza, nimeweka 12. Ungetarajia wakala achague 12, 24, 36. Bonyeza alama ya kuongeza uone: 10, 22, 34! Kivinjari huanza kuhesabu hatua kutoka kwenye kima cha chini. Katoni yako ina 12, kwa hiyo kila oda itakulazimu ufungue katoni. Weka 12 kote kuwili.

Bidhaa yenye rangi na saizi ina shida yake. Baadhi ya plagini hupima kima cha chini kwa kila chaguo peke yake. Wakala anataka 6 nyekundu na 6 za buluu, jumla 12, kikapu kinamkatalia. Kabla hujalipia plagini, hakikisha inajumlisha machaguo ya bidhaa moja. Na stoki ikibaki 11, hakuna wakala atakayeweza kuichukua, iachie rejareja.

Wakala hana muda wa kufungua ukurasa wa bidhaa moja moja. Anataka fomu moja, ajaze idadi, atume. Hapo pana mtego ambao wengi hawaujui: PHP, lugha inayoiendesha WooCommerce kwenye seva, kwa kawaida hupokea visanduku 1,000 tu kwa fomu moja, na mpangilio wenyewe unaitwa max_input_vars. Bidhaa 400 zenye visanduku vitatu kila mstari ni 1,200. Vinavyozidi vinatupwa kimyakimya, wakala haoni onyo lolote, na bidhaa za chini ya orodha hazifiki kwenye oda. Pandisha hadi 5,000, au afadhali zaidi, tafuta fomu inayotuma mistari iliyojazwa tu.

Malipo ya baada ya siku 30, je? Wengi huchukua njia ya "lipa ukipokea mzigo" na kuibadilisha jina. Tatizo ni kwamba oda inaingia moja kwa moja kwenye hali ya kushughulikiwa, na mtu wa stoo anaanza kufunga mzigo wa mdaiwa sugu. Mimi ningetumia njia ya hundi, nayo naibadilisha jina: oda inasimama ikisubiri mtu aikubali. Zote mbili hupunguza stoki papo hapo. Kikomo cha deni WooCommerce haikijui kabisa. Hilo liache kwa plagini au programu ya uhasibu.

Kashe sasa. Ukurasa uliohifadhiwa wakati wakala ameingia ukimfikia mnunuzi wa kawaida, ameiona bei yako ya jumla. Zuia kashe kwa yeyote aliyeingia kwenye akaunti. Halafu kuna kashe ya ndani: WooCommerce huhifadhi bei za bidhaa zenye machaguo, na plagini isiyotenganisha makundi huchanganya bei hizo hata kashe ya kurasa ikiwa imezimwa. Jaribu kwa vivinjari viwili, kimoja umeingia kama wakala, kingine hujaingia, bidhaa ileile yenye machaguo. Fungua kwa wakala kwanza, kisha rudia ukianza na kile ambacho hujaingia.

Ukiniuliza, kwa mawakala wachache na bei mbili tatu, WooCommerce inatosha. Ukiwa na madaraja mengi ya bei kulingana na kundi na idadi, iangalie Magento Open Source, mfumo mwingine wa duka la mtandaoni: makundi ya wateja na bei za ngazi, yaani zinazobadilika kulingana na idadi, zimo ndani tangu unapoisakinisha. Ila jiandae na seva yenye nguvu na fundi wa kuitunza.