Pipa la kukingia mvua la galoni 50, Aurora, Colorado: nimekaa nalo misimu miwili, nalipatia nyota 4

Habari zenu wapendwa. Najua hapa Aurora na Denver, Marekani, tuko wengi tu wenye vibustani nyuma ya nyumba, mchicha, matembele, bamia, nyanya, na kila ikifika Julai bili ya maji inakuwa ndo mazungumzo ya kila mtu. Mi kabla sijanunua hili pipa nilitafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata hata moja, basi nimeona niandike mwenyewe, labda litamsaidia mtu.

Pipa lenyewe ni la plastiki ngumu, rangi ya udongo, galoni 50 yaani kama lita 190 hivi. Upande mmoja limekaa bapa ili liegemee ukuta vizuri, juu lina mfuniko wa wavu, chini kuna koki ya shaba unayoweza kuchomeka mpira, na ubavuni karibu na juu kuna tundu la kutolea maji yakizidi. Nililipa dola 129 bila kodi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa jirani, halafu dola kama 30 nyingine kwa kile kifaa kinachofungwa kwenye bomba la gata kinachogeuza maji yaingie kwenye pipa, na pipa likijaa maji yanaendelea kushuka njia yake ya kawaida. Hicho kifaa usikiache, bila hicho maji yakizidi yanamwagikia kwenye msingi wa nyumba na hapo umejitafutia balaa lingine.

Kufunga ni kazi ya nusu siku kama una msumeno wa chuma na dreli. Ila sikiliza hapa: lita 190 za maji ni kilo 190. Mi mara ya kwanza nililiweka juu ya udongo mtupu nikajua uko sawa, mvua ya kwanza tu likazama upande mmoja, likainama hadi nikaogopa litaangukia watoto, ikabidi nilimwage lote nianze upya. Sasa hivi limekaa juu ya matofali ya sementi, mistari miwili, juu ya kokoto iliyoshindiliwa, kama sentimita 40 kutoka chini. Na ukiinua hivyo unapata faida nyingine, ndoo ya lita 20 inaingia chini ya koki bila shida na maji yanatoka kwa nguvu kidogo, maana lile pipa likikaa chini kabisa koki iko karibu na ardhi hata bakuli haliingii, sijui aliyebuni alikuwa anamwagilia na nini.

Koki yangu ya kwanza ilikuwa inadondosha tone tone usiku kucha. Nikarudi nayo dukani wakaniambia nijaze fomu nisubiri, nikasubiri wiki tatu hakuna jibu, mwishowe nikanunua koki nyingine kwa dola 11 nikazungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mizunguko saba nane, mpaka leo kavu kabisa. Kwa hiyo ukinunua izungushie tepu kabla hata hujaweka maji.

Sasa mvua ya kwanza baada ya kurekebisha, ilikuwa Mei, jioni, mawingu yakaja kutoka upande wa milimani kama kawaida ya huku, radi, halafu ikapiga. Nikatoka na tochi nikasimama chini ya upenu nasikiliza maji yanaingia ndani ya pipa, ule mlio wa mwanzo mzito kama ngoma halafu unapanda unapanda kadiri maji yanavyojaa, na nikajikuta niko Dodoma kwa mama, usiku, tumetoka wote na masufuria na madumu kukinga chini ya bati kwa sababu simtanki lilikuwa limeshajaa na hakuna anayetaka kuona hata kikombe kimoja kinapotea. Dakika ishirini, pipa limejaa. Nikampigia mama video asubuhi nikamwonyesha, akafurahi, akauliza mbona dogo hivyo, si uweke simtanki la lita 2,000 kama letu? Nikamwambia mama hapa sheria hairuhusu. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, mvua nayo ina mwenyewe?"

Na mzee jirani yangu, mtu wa Bukavu kule Kongo, aliponikuta nafunga gata aliniuliza swali lile lile kwa Kiswahili cha kwao, "mayi ya mvula iko na mwenyewe?" Basi ngoja nieleze maana hili swali mtaulizwa na nyie.

Ndiyo, huku mvua ina wenyewe. Colorado tangu katiba yake ya 1876 inafuata kanuni kwamba aliyewahi kuyachukua maji ya mto na kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza, aliyekuja nyuma anasubiri. Kuna wakulima wa kule chini unakoelekea mto South Platte, huu unaopita Denver, ambao haki zao za maji zimeanza karne ya 19, na mtazamo wa sheria ulikuwa kwamba tone linalodondoka kwenye paa lako liko njiani kuelekea mtoni, kwa hiyo ukilikinga umelichukua la mtu. Kwa miaka mingi kuweka pipa chini ya gata hapa mjini lilikuwa kosa kisheria. Mwaka 2015 muswada wa kuruhusu mapipa ulipita Baraza la Wawakilishi la jimbo ukafia Seneti. Mwaka 2016 wakaurudisha, wabunge Jessie Danielson na Daneya Esgar ndo waliousukuma kule Baraza la Wawakilishi, ukapita, gavana John Hickenlooper akasaini, ukaanza kazi tarehe 10 Agosti 2016.

Sheria inasema hivi kwa ufupi: mapipa mawili kwa nyumba, jumla yasizidi galoni 110, yaani lita kama 416. Nyumba iwe ya familia moja au jengo lisilozidi familia nne, kwa hiyo mnaokaa kwenye maghorofa makubwa ya kupanga hamumo. Maji yatumike nje tu hapo hapo kwako, bustani na majani, sio kunywa sio kupikia. Na kukinga hakukupi haki ya maji, ni ruhusa tu. Kuhusu kunywa hata sheria isingesema mi nisingekunywa, mapaa ya huku sio bati kama kwetu, ni vigae vya lami, maji ya mwanzo yanatoka na vumbi jeusi na vichembe kama mchanga, ukiweka mkono unavihisi.

Hesabu ilinifungua macho. Upande wa paa unaoingiza kwenye pipa langu ni kama mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 tu, ambayo huku ni radi moja ya jioni, inatoa lita 400. Yaani hata ungekuwa na mapipa yote mawili yanayoruhusiwa, jioni moja yamejaa, mvua ya kesho yake inapita unaiangalia. Hapo ndo naona wabunge wangeongeza. Denver inapata chini ya milimita 400 kwa mwaka, Dodoma tunayoiita kavu inapata zaidi ya 500, na mvua ya huku inakuja kwa mkupuo halafu wiki mbili tatu hakuna, kwa hiyo pipa dogo linakuokoa siku nne tano basi. Naelewa wakulima wa chini wana hofu na hofu yao ni ya kweli, wao maji ndo shamba ndo ada ya watoto, lakini galoni 200 au 300 kwa nyumba sidhani ndo zitakausha South Platte.

Msimu wa kwanza pipa lilijaa mara 12, niliandika kwenye kalenda. Lita elfu mbili na mia tatu hivi. Kwenye bili hiyo ni dola chache sana, nisiwadanganye, ukinunua pipa kwa kutegemea bili irudishe hela yako utazeeka unasubiri. Lakini mchicha uliokuwa unamwagiliwa maji ya mvua ulikuwa laini na wa kijani hasa, hakuna ile klorini, na siku ambazo mji haukuruhusu kuwasha springla mi nilikuwa na ndoo zangu.

Halafu nikafanya hesabu nyingine ambayo ndo imenifanya niandike yote haya. Nyasi za mbele ya nyumba, zile za Kentucky bluegrass ambazo kila mtu anazo, kwa msimu mmoja hapa zinakunywa zaidi ya lita 600 kwa kila mita ya mraba. Maana yake pipa langu zima la msimu mzima linatosha nyasi za ukubwa wa kitanda cha sita kwa sita. Kitanda kimoja! Na mbele nilikuwa na vitanda kama kumi na viwili vya nyasi ambazo hakuna mtu anazikanyaga zaidi ya yule anayekuja kuzikata. Kwa nyumba za familia moja Denver, karibu nusu ya maji ya mwaka yanaishia nje ya nyumba, na mengi ni kwenye hizo nyasi.

Msimu wa pili nikazing'oa. Nimeweka changarawe na mimea ya asili ya huku isiyodai maji, na kona moja nimepanda matembele. Bili ya Julai hapo ndo ilishuka kweli kweli. Na naona hata wabunge wa jimbo wamefika huko huko, mwaka 2022 walitenga dola milioni 2 za kuwalipa watu wanaong'oa nyasi kwa hiari, halafu 2024 wakapitisha sheria inayokataza kupanda nyasi mpya zisizo na kazi, yaani za kutazamwa tu, kwenye maeneo ya biashara, ofisi, viwanda na kandokando ya barabara, imeanza Januari 2026. Aurora yenyewe tangu 2022 ilishapiga marufuku viwanja vipya vya gofu vyenye nyasi za kunywa maji mengi kama hizo bluegrass. Kabla hujang'oa uliza mjini kwako kama kuna fidia, maana nyingi zinataka uombe kwanza ndo uanze kuchimba, ukichimba kwanza umeikosa.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu pipa. Mvua ya mawe ikipiga, barafu inaziba wavu wote na maji yanamwagikia pembeni, toka ukaikwangue kwa mkono. Na mwisho wa Septemba limwage, fungua koki, ligeuze kichwa chini, maana Oktoba baridi ya kugandisha inaweza kuja usiku mmoja na maji yakiganda ndani plastiki inapasuka. Rafiki yangu alisahau, lilipasuka kuanzia kwenye koki mpaka juu, hakuna gundi ya kulitibu.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya ile koki na kwa jinsi ilivyokaa chini. La pili nalifunga Jumamosi hii upande wa jikoni, galoni 50 tena, jumla 100, bado niko ndani ya sheria. Matofali nimeshanunua.