Viti vya bomba pale Mlandege, nendeni mkaone

Kuna duka la fanicha za mtumba Mlandege, hapa Unguja, lina vile viti visivyo na miguu ya nyuma, kopi ya kiti alichobuni Marcel Breuer mwaka 1928, yule wa Bauhaus, skuli ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani, inasemekana wazo la kupinda bomba kalipata kwenye usukani wa baskeli. Ukikaa kinanesa kidogo raha wallahi, na henzerani imesukwa ikakaza, ila kipindueni kwanza muangalie chini, cha kwangu kwenye skrubu kishaanza kutu, hewa yetu ya chumvi mnaijua. Bei wanaanza juu mno, bishaneni nao watashuka. Sio vya kuweka barazani lakini.