Kumfunga paka kizazi: apasuliwe tumboni au ubavuni?

Kwa maumivu peke yake, tumboni ni afadhali. Daktari hupita kwenye ukanda mweupe wa katikati, usio na misuli, ilhali ubavuni hupenya misuli yenyewe. Tafiti kadhaa zimeona paka waliopasuliwa ubavuni wakishtuka zaidi kidonda kikiguswa.

Lakini paka wengi wa Lamu hawana mwenyewe. Nani atamshika yule wa sokoni amgeuze chali kila siku akague mshono? Wa ubavuni huonekana naye akiwa juu ya ukuta, na ukiachia, matumbo hayatoki kwa urahisi. Anayenyonyesha naye ubavuni humfaa, maana matiti hayaguswi. Mwenye mimba kubwa, tumboni.

Kupona hakupishani sana: siku 10 hadi 14, asirukeruke wala kulamba kidonda (mwambie hayo paka wa gatini!). Wa nyumbani ningempeleka tumboni, wa mtaani ubavuni, mradi apigwe sindano ya maumivu kabla ya kisu. Nyumbani usimpe panadoli hata kipande. Paracetamol humuua paka.