Siti za baketi kwenye Datsun 1600: pleti au kuchomelea paipu?

Bati la sakafu la Datsun 1600 (ile ile iliyoshinda Safari Rally 1970) ni jembamba, ukifunga siti ya baketi (ile ya rali inayomkumbatia dereva) kwa bolti na washa ndogo tu, siku ukigonga bolti inang'oka na kipande cha bati.

Pleti, yaani kipande cha chuma kinachokaa chini ya bati pale bolti inapopita, ndo rahisi, kanuni za FIA (shirikisho la dunia la mbio za magari) zinataka chuma cha milimita 3, sentimita za mraba 40 kila bolti, bolti zenyewe nne kwa siti na zisipungue milimita 8. Ukitaka kurudisha siti za zamani unafungua tu. Ila bati likishaliwa na kutu pleti haisaidii kitu, shughulikia kutu kwanza.

Kuchomelea skwea paipu mbili, toka kizingiti cha mlango mpaka kwenye handaki la gia (ule mwinuko wa katikati ya sakafu), siti inafungwa juu yake, hapo mzigo unabebwa na bodi yenyewe, mi kwa gari ya rali nachagua hii bila kufikiria mara mbili. Tabu yake siti inapanda, kama we mrefu helmeti inagonga paa, halafu fundi asiye makini anatoboa bati (na achomoe betri kwanza jamani!). Gari la mitoko ya Jumapili? Weka pleti, okoa hela.