Mkutano wa diwani na wananchi: nyota tatu kati ya tano

Mkutano wa hadhara ambao diwani wa kata yetu aliuitisha, akiwa ameambatana na mtendaji wa kata na maofisa kadhaa wa halmashauri, ulianza kwa kuchelewa saa nzima, ingawa viti na turubai vilitosha.

Swali la kwanza lilihusu barabara ya mtaa iliyochimbika, na jibu likawa kwamba barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Jibu hilo ni sahihi kisheria, lakini mwananchi anayevuka matope hakuja kujifunza muundo wa serikali. Ingefaa mhandisi wa wakala huo awe amealikwa, hasa kwa kuwa swali lenyewe lilitarajiwa na kila mtu.

Aliyenipendeza ni ofisa maendeleo ya jamii. Alifafanua, bila kusoma karatasi, jinsi asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inavyogawanywa kuwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Alieleza pia kwa nini utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa kwa muda mwaka 2023, kisha akataja nyaraka ambazo kikundi kinapaswa kuandaa.

Kuhusu taka zinazolundikana sokoni tuliambiwa kuwa "mchakato unaendelea", maneno ambayo tumeyazoea kuliko gari la taka lenyewe. Tarehe ya utekelezaji haikutajwa, wala hakuna aliyeonekana akiandika muhtasari.