Kifurushi cha kujifungua cha SHA hapa Malindi: nyota tatu kati ya tano

Uwe unatoka Mambrui, Watamu au mjini penyewe, kifurushi hiki cha SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, kinakufaa. Usajili ni *147#, na asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Nyota mbili nimezipunguza kwa sababu ya bei zake: hospitali hulipwa 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji.

Hiyo 20,000 ya ziada si faida tupu. Kuna thieta (chumba cha upasuaji), mtaalamu wa usingizi, dawa, na kitanda cha siku tatu hivi. Ila uzazi wa kawaida nao una kazi ambayo 10,000 haiioni: mkunga amkalie mama usiku kucha, asikilize moyo wa mtoto kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Upasuaji huchukua kama saa moja, tena hupangiwa wakati. Zamu ikiwa na wakunga wawili tu, kisu kinakaribia haraka, hata daktari awe mtu mwema kiasi gani.

Sikiliza sana neno “uchungu hauendi”. Kwa mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2020, uchungu wenyewe huhesabiwa kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5. Hapo njia inaweza kukaa saa 6 bila kusogea ndipo watu washtuke; kwenye sentimita 6 ni saa 5, kwenye 8 ni saa mbili na nusu. Anayeambiwa hivyo akiwa na sentimita 4, mama yake au wifi yake aombe kuona chati ya uchungu kabla ya sahihi ya kukubali upasuaji kutiwa. Ukikuta nukta moja ya saa mbili usiku, halafu karatasi nyeupe mpaka palipoandikwa “thieta”, uliza nani alipima mara ya mwisho, na saa ngapi.

Kitovu kikitangulia, damu ikimwagika, mtoto akilala kingamo au mapigo yake yakishuka yasipande, msibishane. Kimbieni thieta.

Sababu ya upasuaji iandikwe kwenye kitabu cha mama na mtoto, pamoja na aina ya mkato. Mimba ijayo kondo la nyuma linaweza kujishikiza kwenye kovu, na mwenye kovu moja mara nyingi bado anaweza kujaribu njia ya kawaida, mradi thieta iwe karibu. Na kabla ya kuweka kidole kuthibitisha madai ya malipo ambayo hospitali inapeleka SHA, soma wameandika uzazi gani.