Fomu 4868 kupitia Free File: bure kweli, lakini soma kwanza

Nyota nne. Ya tano nimeizuia, na sababu nitaitaja. Fomu 4868 ni ombi la kuongezewa muda wa kufaili ritani, yaani taarifa ya pato na kodi ya mwaka, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Free File ni njia ya IRS ya kufaili mtandaoni.

Haya ni ya wenzangu tuliorudi nyumbani tukiwa na pasipoti ya Marekani au kadi ya kijani. IRS haijali kama umehamia Kibokoni, Mombasa. Pato lako la popote duniani wanataka kuliona. Mimi nina pensheni ya huko na nyumba ya kupangisha Bamburi. Pensheni haina taabu, karatasi zake huja mapema. Kazi iko kwenye nyumba. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanachukua asilimia 7.5 ya pango, na nikitaka nilicholipa huku kihesabiwe kule, sharti niwe na risiti zote pamoja na hesabu za wakala wa nyumba, ambaye ukimpigia Machi atakwambia "kesho, mama."

Siku ya mwisho ya kufaili IRS ni 15 Aprili. Sisi tunaoishi nje tunaongezewa miezi miwili bila kuomba, hadi 15 Juni, mradi uambatishe maelezo kwenye ritani. Mimi Juni hainitoshi. Fomu 4868 inakufikisha 15 Oktoba.

Nayo ni fupi ajabu: jina, anwani, namba ya Social Security, makadirio ya kodi ya mwaka, ulicholipa tayari, kilichobaki. Kuna kisanduku cha kutia alama kama uko nje ya nchi. Sababu hawaulizi! Huku kwetu kuongezewa muda ni kumwandikia kamishna na kungoja akubali, na 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani ya KRA, ikikupita, faini haipungui shilingi 2,000 hata kama hudaiwi kitu.

Kupitia Free File ombi hili ni bure, uwe maskini uwe tajiri. Kuna bwana mmoja mjini aliniambia nimpe elfu nane anijazie. Nikamwambia ahsante baba, nikaenda zangu.

Sasa ile nyota. Free File inakupeleka kwenye tovuti za kampuni binafsi, na niliyoangukia mimi ilikataa laini yangu ya hapa. Ilitaka kutuma namba ya siri kwenye simu ya Marekani. Ikabidi nimpigie binti wa dada yangu Minnesota. Hapa saa tisa alasiri, kwake saa moja asubuhi, katoka zamu ya usiku hata viatu hajavua. "Khaleti, namba gani tena?" Akanisomea tarakimu sita huku anapiga miayo. Kisha kila ukurasa ukawa unaniuzia kitu: bima ya ukaguzi, mshauri, sijui nini. Bonyeza "hapana" mpaka kidole kichoke. Magharibi ikaingia baruapepe kwamba ombi limekubaliwa.

Ila tusidanganyane: unaongezewa muda wa karatasi, pesa hazingoji. Deni usipolimaliza 15 Aprili, riba inaanza kuhesabiwa, hata kwetu sisi wa nje, na adhabu ya kuchelewa kulipa, asilimia 0.5 kwa mwezi, huja nyuma yake. Anayedaiwa akakaa kimya, asifaili wala asiombe, anapigwa asilimia 5 kila mwezi hadi ifike 25. Mimi nilikadiria juu kidogo nikalipa. Na kama una akaunti ya benki ya huko, ukilipa kwa Direct Pay, njia ya IRS ya kulipa mtandaoni moja kwa moja kutoka benki, na kuchagua kwamba malipo ni ya kuongezewa muda, fomu yenyewe huihitaji tena, na hao wauza bima hutakutana nao.

Oktoba nayo isipotosha, aliye nje anaweza kuandika barua kuomba hadi 15 Desemba. Hiyo ni ya karatasi, na wasipoikataa hawatakujibu. Mimi sikufika huko. Wakala wa Bamburi alileta hesabu zake Agosti, nusu ya risiti hazina tarehe.